Maswali yenu kuhusu Gambia, nchi iliyoufuata mto

Katika safu iliyopita niliigusia Gambia kwa sentensi moja tu, nikasema kwamba ukiacha visiwa ndiyo nchi ndogo kuliko zote barani Afrika. Sentensi hiyo imeniletea maswali mengi kuliko makala yote iliyobaki. Nimechagua yaliyojirudia, nikayafupisha, na mawili matatu nimeyaunganisha. Niseme mapema: nilikaa kule majuma matatu tu. Machache nimeyaona kwa macho, mengi nimeyasoma.

Nikitazama ramani naiona Gambia imekaa kama mnyoo tumboni mwa Senegal. Nani aliichora hivi, na kwa sababu gani? (Msomaji, Tabora)

Mnyoo ni neno kali, lakini picha yako haiko mbali na ukweli. Eneo lote la nchi ni kama kilomita za mraba 11,300, yaani mkoa wa Kilimanjaro peke yake unaizidi. Upana wake haufiki kilomita 50 popote, na sehemu kubwa ni nusu ya hapo. Katikati unapita Mto Gambia, unaotoka kwenye milima ya Fouta Djallon kule Guinea na kumwaga maji Atlantiki. Mto ukikunja kushoto, nchi nayo inakunja kushoto.

Waingereza walikuwa wakifanya biashara mdomoni mwa mto tangu karne ya 17, kwanza ya watumwa na vitu vingine, baadaye ya karanga. Wafaransa walishika ardhi yote ya pembeni. Kwa Wafaransa, mto huo ulikuwa mfupa kooni: njia bora ya maji kuingia bara, na ipo mikononi mwa mtu mwingine. Kati ya 1866 na 1876 pande hizo mbili zilijadiliana kubadilishana, Uingereza iiachie Gambia na ipewe ardhi ya Ufaransa sehemu nyingine ya Afrika Magharibi. Wafanyabiashara wa Kiingereza na wakazi wa mji mkuu, Banjul ya leo, wakapinga, mpango ukafa. Ndipo tarehe 10 Agosti 1889, mezani Paris, wakakubaliana kwamba Uingereza ibaki na kamba ya ardhi ya takriban kilomita 10 kila upande wa mto.

Kule utasimuliwa kwamba Waingereza walipanda na manowari wakipiga mizinga kulia na kushoto, na risasi ilipoanguka ndipo mpaka ulipowekwa. Ni hadithi tamu, na kila dereva wa teksi anayo. Mizinga haikuhusika, ilikuwa rula na bikari.

Madhara yake hayakuishia kwenye ramani. Senegal imekatwa vipande viwili: kaskazini iliko Dakar, na kusini jimbo la Casamance, ambako vuguvugu la kutaka kujitenga lilianza kupigana 1982. Lori la Dakar likitaka kwenda Ziguinchor lilikuwa na njia mbili. Ama lizunguke mashariki kupitia Tambacounda, mamia ya kilomita, ama likate Gambia na kupanga foleni ya pantoni pale Farafenni. Foleni ile ilihesabiwa kwa siku. Maembe yalikuwa yakiozea barabarani. Daraja lilikuja kufunguliwa Januari 2019, likapewa jina la Senegambia, baada ya miongo ya mazungumzo na kununiana. Waliwahi hata kujaribu kuungana: Shirikisho la Senegambia lilianza Februari 1982, likavunjika 1989. Senegal ilitaka muungano wa haraka zaidi, Gambia ikaona itamezwa. Sisi wa Tanganyika na Zanzibar tunaweza kuielewa hofu hiyo bila kutafsiriwa.

Ni “Gambia” au “The Gambia”? Mwanangu amekatwa alama shuleni. (Mzazi, Nakuru)

Kwa Kiingereza jina rasmi lina hilo neno dogo la mbele, na nchi yenyewe inalisisitiza. Wareno ndio walioanza kuliita eneo hilo kwa jina la mto. Karibu na uhuru serikali yao ilitaka neno hilo libaki, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba Zambia nayo ilikuwa imezaliwa 1964 na barua zingeweza kupotea njia. Kwa Kiswahili andika Gambia tu. Mwalimu kama alikuwa anasahihisha insha ya Kiingereza, yuko sawa. Kama ni ya Kiswahili, nenda kamwone.

Wanazungumza lugha gani? Nikienda na Kiswahili changu nitaambulia chochote? (Msomaji, Tanga)

Lugha ya ofisini na shuleni ni Kiingereza, kwa hiyo hutakwama. Lakini ya nyumbani ni Kimandinka, Kifula, Kiwolof, Kijola, Kisoninke (wao huita Kiserahule) na nyingine ndogo ndogo. Wamandinka ni wengi kuliko wengine, kama theluthi ya watu wote. Hata hivyo ukiwa sokoni Serekunda utasikia zaidi Kiwolof, maana ndiyo lugha ya mjini na ya biashara. Mtu wa kawaida anazungumza tatu bila kujiona msomi.

Kiswahili hakitakusaidia kununua kitu, ila kitakuchekesha. Zaidi ya watu tisa kati ya kumi ni Waislamu, na Kiarabu kimepita kule kama kilivyopita pwani kwetu. Kwa Kiwolof Alhamisi ni *alxames*, Ijumaa ni *àjjuma*. Asante kwa Kimandinka ni *abaraka*, na mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa neno hilo limetoka kisima gani. Mkuu wa kijiji anaitwa *alkalo*, huenda ni ndugu wa neno letu kadhi.

Na salamu! Kama unadhani watu wa pwani tunasalimiana kwa kirefu, nenda kule ujione mwanafunzi. Mtu anakuuliza habari za nyumbani, za wazee, za watoto, za kazi, za joto, na kila mara unajibu kitu kilekile: *jamm rekk* kwa Kiwolof, *kayira dorong* kwa Kimandinka. Maana yake ni “amani tu”, sawasawa na “salama tu” yetu. Hata kama una homa ni amani tu. Homa itatajwa baadaye, salamu zikiisha. Siku ya kwanza nilimwuliza muuza vocha bei kabla ya kumsalimu. Alinitazama, akanisalimu yeye, akasubiri nijibu mpaka mwisho, ndipo akanitajia bei. Sikurudia kosa.

Ni kweli wanapiga kura kwa gololi, au ni utani wa mitandaoni? (Wasomaji wengi, kuanzia Mombasa hadi Mwanza)

Ni kweli kabisa, na mimi naupenda utaratibu huu kuliko jambo lolote jingine la nchi ile.

Ulianza miaka ya 1960, wakati wapiga kura wengi walikuwa hawajui kusoma. Badala ya karatasi, unapewa gololi moja ya kioo. Unaonyesha kitambulisho, unachovya kidole kwenye wino, unakabidhiwa gololi yako, unaingia nyuma ya pazia. Mle ndani yamepangwa mapipa ya chuma, kila mgombea na lake, limepakwa rangi yake na kubandikwa picha yake. Juu ya pipa kuna mrija. Unaitumbukiza gololi, inateleza, inagonga kengele iliyo ndani, ngli! Msimamizi nje amesikia. Zikilia mbili, kuna mtu amekuja na gololi ya mfukoni.

Ndiyo maana baiskeli haziruhusiwi karibu na kituo siku ya uchaguzi: kengele ya baiskeli inaweza kuvuruga hesabu ya masikio. Na chini ya pipa hutiwa mchanga au unga wa mbao, ili gololi isigongane na wenzake, mtu akahesabu kwa sauti nani anaongoza.

Kuhesabu nako kunapendeza. Gololi humwagwa kwenye trei zenye matundu, 200 au 500, kila tundu gololi moja. Trei ikijaa, imejaa; huna haja ya kubishana juu ya tiki iliyotoka nje ya kisanduku. Kura iliyoharibika karibu haipo, labda mtu aiache gololi juu ya pipa. Tatizo ni kwamba wagombea wakiwa wengi, mapipa yanakuwa mengi, na kuyasafirisha ni kazi. Kumekuwa na mazungumzo ya kuhamia kwenye karatasi, lakini uchaguzi wa rais wa Desemba 2021 bado ulifanyika kwa gololi.

Gololi hizo ndizo zilizomwondoa Rais Yahya Jammeh. Tarehe 1 Desemba 2016 pipa lake lilikuwa la kijani, la mpinzani wake Adama Barrow rangi ya fedha, la mgombea wa tatu, Mama Kandeh, zambarau. Hesabu ya mwisho: Barrow 227,708, Jammeh 208,487. Tofauti ya gololi 19,221. Ukizimwaga chini hazijazi chumba.

Huyo Jammeh ndiye aliyesema atatawala miaka bilioni? Yuko wapi sasa? (Msomaji, Bujumbura)

Ndiye. Aliiambia BBC mwaka 2011 kwamba Mungu akipenda atatawala miaka bilioni moja. Mungu alimpa 22.

Alikuwa luteni wa jeshi mwenye umri wa miaka 29 alipompindua Dawda Jawara tarehe 22 Julai 1994. Jawara, daktari wa mifugo kwa kazi yake ya asili, ndiye aliyeiongoza nchi tangu uhuru wa tarehe 18 Februari 1965, kwanza kama waziri mkuu, kisha rais ilipogeuka jamhuri 1970. Ukiingia Banjul kwa barabara unapita kwenye Tao la 22, jengo la mita 35 lenye nguzo nyeupe. Tarehe hiyo ya 22 ni ya mapinduzi.

Kilichofuata wengi mnakijua. Waandishi walikamatwa, na mmoja, Deyda Hydara, akauawa kwa risasi Desemba 2004. Mwaka 2007 Jammeh alitangaza kwamba anatibu UKIMWI kwa dawa za mitishamba na mikono yake mwenyewe, na wagonjwa wakaachishwa dawa za hospitali. Mwaka 2009 wazee vijijini walisombwa kwa tuhuma za uchawi, wakalazimishwa kunywa dawa isiyojulikana. Hili la mwisho lilinikaa rohoni zaidi ya mengine. Sisi wenyewe tunajua tuhuma za uchawi zinavyomgeuza bibi mwenye macho mekundu kuwa adui wa kijiji. Kule zilibebwa na askari wa serikali.

Aliposhindwa 2016, alimpigia Barrow simu mbele ya kamera akampongeza, akicheka. Siku nane baada ya uchaguzi akageuka. Nchi za ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, zikaanza kusogeza majeshi. Barrow akaapishwa tarehe 19 Januari 2017 ndani ya ubalozi wa Gambia mjini Dakar, chumba kimejaa pomoni, na siku mbili baadaye Jammeh akapanda ndege kwenda Guinea ya Ikweta. Huko ndiko aliko uhamishoni.

Tume ya Ukweli, Maridhiano na Fidia ilisikiliza mashahidi hadharani kati ya 2019 na 2021, na watu walifuatilia kwa redio na simu kama tunavyofuatilia mpira. Ripoti ilipendekeza ashtakiwe. Yeye bado, lakini watu wake wameanza kuhukumiwa nje. Ousman Sonko, aliyekuwa waziri wake wa mambo ya ndani, alipewa miaka 20 na mahakama ya Uswisi Mei 2024. Ujerumani nayo ilimhukumu mmoja wa kikosi chake cha mauaji Novemba 2023.

Nimesikia Arusha na Banjul zina undugu. Undugu gani? (Mwanafunzi wa sheria, Arusha)

Umeulizia kitu ambacho watu wa Arusha wenyewe wameanza kukisahau. Wakati Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipokuwa pale kituo cha mikutano cha AICC, Wagambia walijaa. Hassan Bubacar Jallow alikuwa mwendesha mashtaka mkuu kuanzia 2003 hadi 2015. Barrow alipoingia madarakani akamfanya Jaji Mkuu. Fatou Bensouda alifanya kazi Arusha kabla ya kwenda The Hague, ambako alikuwa Mwendesha Mashtaka wa ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, kuanzia 2012 hadi 2021. Wasomaji wa Kenya hawahitaji kutambulishwa kwake: kesi ya Uhuru Kenyatta ilikuwa mezani pake, na ni yeye aliyeiondoa Desemba 2014. Abubacarr Tambadou naye alipita Arusha katika ofisi ya Jallow. Akawa waziri wa sheria, na Novemba 2019 akaifikisha Myanmar mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa madai ya mauaji ya kimbari dhidi ya Warohingya. Nchi ndogo kuliko mkoa wa Kilimanjaro, ikisimama The Hague kwa ajili ya watu wa Asia. Tambadou alisema alipotembelea kambi za wakimbizi Bangladesh, alisikia hadithi zilezile alizozizoea za Rwanda.

Kuna na undugu wa karatasi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu unaitwa pia Mkataba wa Banjul kwa sababu rasimu ilikamilishwa huko. Ulipitishwa rasmi Nairobi, Juni 1981. Tume inayousimamia iko Banjul. Mahakama ya Afrika iko Arusha. Kwa hiyo Mwafrika aliyeonewa na serikali yake, malalamiko yake yanaweza kuanzia mdomoni mwa Mto Gambia na kumalizikia chini ya Mlima Meru. Na ndiyo, Tume ilikaa Banjul miaka yote 22 ya Jammeh. Kejeli hiyo haikuwapita wenyeji.

Marehemu babu alifanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, Kongwa. Alikuwa akisema “wangeenda Gambia wangefanikiwa”. Alimaanisha nini? (Msomaji, Dodoma)

Babu yako alikuwa mtu mwenye habari zake. Gambia ni nchi ya karanga tangu karne ya 19. Udongo wake ni wa kichanga, mvua yake ni fupi, Juni hadi Oktoba, na karanga inaukubali. Mkulima alipanda kwa jembe la mkono. Msimu ukifika walikuja vibarua kutoka Mali na Guinea ya leo, wakapewa kipande cha shamba na chakula kwa kubadilishana na siku za kazi, kisha wakarudi kwao na fedha. Wanaume walishika karanga, wanawake walishika mpunga kwenye mabonde ya mto. Mto ulibeba magunia hadi baharini. Hakukuwa na trekta wala mtaalamu.

Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1947 wakaja Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, na matrekta yaliyokuwa mabaki ya vita, kulima karanga mahali ambapo mvua ni ya kubahatisha na ardhi ikikauka inakuwa kama saruji. Hadi mradi unafungwa 1951, pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimeteketea. Hayo Dodoma mnayajua.

Msichokijua labda ni walichokipeleka Gambia. Nchi ya karanga waliipelekea kuku! Mwaka 1948 walifyeka msitu pale Yundum, karibu na uwanja wa ndege, wajenge shamba la kuku litakalopeleka Uingereza mayai milioni 20 kwa mwaka. Chakula cha kuku kilipaswa kulimwa hapohapo; hakikuota vya kutosha. Kisha ukaingia ugonjwa, kuku wakafa kwa makundi. Shamba likafungwa 1951, mwaka uleule wa Kongwa, na mayai yaliyofika Uingereza hayakuzidi 39,000. Karanga wakapeleka kwa wasio na mvua, mayai wakatafuta kwa wenye karanga. Babu alikuwa na haki ya kucheka.

Wanakula nini? (Wengi)

Wali, samaki na karanga, kwa mpangilio wowote upendao. *Domoda* ni mchuzi mzito wa karanga zilizosagwa, unaomwagwa juu ya wali. Mtu aliyelelewa kwa mboga ya karanga Tabora au Singida atajiona yuko nyumbani, ila pilipili ni kali zaidi. *Benachin* maana yake kwa Kiwolof ni “chungu kimoja”: wali, samaki, nyanya, bilinganya, muhogo, vyote ndani ya sufuria moja mpaka ukoko unashika chini, na ukoko ndio unaogombewa. Bamia wanaipika na mafuta ya mawese. Wanakula kwenye sinia moja, kila mtu upande wake, na mwenye nyumba anamegea samaki na kukusogezea. Juisi zao ni mbili unazozijua: ya ubuyu, na ya rosela ambayo wao huita *wonjo*.

Lakini ukitaka kuijua Gambia, kaa kwenye *attaya*. Vijana wanne, benchi, jiko dogo la waya lenye mkaa, birika lisilozidi ngumi mbili, na vigilasi viwili vya kuzungushana. Majani ni ya chai ya kijani kutoka China, pakiti nzima inaingia. Inachemka hadi inakuwa kali ya kukunja uso. Kisha mpishi anaimimina kutoka gilasi moja hadi nyingine, mkono mmoja juu kabisa mwingine chini, mara kumi, mara ishirini, mpaka povu zito litande nusu ya gilasi. Hakuna anayemharakisha. Unapewa, unafyonza kwa kelele, unarudisha gilasi. Majani yaleyale yanaongezwa maji na sukari kwa mzunguko wa pili, kisha wa tatu, kila mara tamu zaidi na nyepesi zaidi. Mizunguko mitatu inaweza kuchukua saa mbili na nusu, na katika muda huo nilisikia habari za Serekunda yote. Nilipojaribu kumimina mimi, nusu iliingia kwenye mkaa. Walicheka, wakanirudisha kwenye kuosha vigilasi.

Kunta Kinte alikuwa mtu wa kweli? (Msomaji, Zanzibar)

Mmarekani Alex Haley aliandika 1976 kwamba babu yake wa vizazi vya nyuma, Kunta Kinte, alitekwa utumwani kutoka kijiji cha Juffureh, kaskazini mwa mto. Wanahistoria waliochunguza walikuta mengi yasiyothibitika, na msimulizi aliyempa Haley hadithi hiyo huenda alimpa alichotaka kusikia. Lakini utumwa wenyewe hauna shaka. Kisiwa kidogo mkabala na kijiji hicho, chenye magofu ya ngome, kilishikwa kwanza na watu wa Courland, Latvia ya leo, mwaka 1651, kisha Waingereza 1661 wakakiita James. Kimekuwa Urithi wa Dunia tangu 2003, na 2011 kikapewa jina la Kunta Kinteh. Mawimbi yanakila, kinapungua. Mzanzibari atakayesimama pale atakumbuka soko la watumwa la Mkunazini bila kuambiwa.

Vijana wao wanakimbilia Ulaya kama tunavyosikia? (Msomaji, Goma)

Ndiyo, wengi kuliko unavyotarajia kwa watu milioni 2.4, hesabu ya sensa ya 2024. Wanaiita njia ya nyuma: zamani Agadez kule Niger, Libya, kisha mtumbwi wa Italia, siku hizi pia mitumbwi ya uvuvi moja kwa moja hadi Visiwa vya Canary. Pesa zinazotumwa nyumbani na walio nje ni zaidi ya robo ya pato la taifa. Utalii hauwatoshi, maana msimu wa Wazungu ni Novemba hadi Aprili, na samaki wa bei nafuu aliyekuwa wa kila nyumba sasa anagombaniwa na viwanda vya unga wa samaki vilivyojengwa ufukweni Gunjur, Sanyang na Kartong. Unga huo unasafirishwa nje kulisha samaki na mifugo ya watu wengine. Wanawake wanaokausha samaki walinieleza bei ilivyopanda kwa kunionyesha beseni: zamani lilijaa hadi juu, sasa hadi hapa, mmoja wao akaweka kiganja katikati.

Mpira je? (Mashabiki wa Yanga, Dar es Salaam)

Mnauliza kwa sababu mnajua! Tom Saintfiet, Mbelgiji aliyewapa Yanga Kombe la Kagame 2012 na kuondoka baada ya muda mfupi, ndiye aliyeifikisha Gambia kwenye AFCON yao ya kwanza kabisa, Cameroon, Januari 2022. Waliifunga Tunisia, wakaitoa Guinea, wakasimamishwa na wenyeji robo fainali, 2-0. Uwanja wao wa Bakau ulikuwa haujakidhi viwango vya CAF, hivyo mechi za “nyumbani” walikuwa wanacheza ugenini. Wakenya wanaikumbuka ile 3-3 ya Machi 2025, mechi ya kwanza ya Benni McCarthy: ilichezwa Abidjan.

Nataka kwenda. Viza, njia, pesa? (Msomaji, Kampala)

Gambia ni kati ya nchi chache zinazowaruhusu Waafrika wote kuingia bila viza. Beba kadi ya homa ya manjano. Uwanja wa ndege wamekuwa wakitoza dola 20 za usalama ukiingia na 20 nyingine ukitoka, kwa hiyo weka noti ndogo pembeni. Njia ya kawaida kutoka kwetu ni kupitia Dakar au Casablanca. Fedha yao ni dalasi, ilianza 1971.

Usipange kulala Banjul; mji mkuu umebanwa kisiwani, sensa ya 2013 ilikuta watu 31,000 na kidogo, na saa kumi na moja jioni maofisa wakishaondoka mitaa inabaki na paka. Lala Bakau, Kololi au Serekunda. Ukitokea Dakar kwa barabara utafika Barra, ng'ambo ya mto, na hapo ni pantoni. Fika asubuhi. Pantoni ikichelewa kuna mitumbwi mikubwa ya mbao, na kwa kuwa haifiki nchi kavu, kuna vijana wanaokubeba mabegani hadi ndani yake. Mimi nilibebwa, na begi langu likabebwa na mwingine. Elewana bei kabla hujanyanyuliwa.